Aliyetuletea Floriani

Tulimwita Daktari wa Ng'ombe, ingawa hakuwa daktari na hakuwahi kudai kuwa. Kazi yake ilikuwa kupandisha ng'ombe kwa sindano. Ndivyo tulivyosema kijijini kwetu Endarasha kwa adabu, maana hakuna mtu mzima aliyetaka kueleza mbele ya watoto ni nini kilichokuwa ndani ya sindano hiyo, wala kilikwenda wapi. Alifika asubuhi kwa kigari cha kijivu cha serikali, akasimama kwenye krashi, kile kizimba cha miti kando ya barabara ambamo ng'ombe hubanwa asirushe mateke, akawakuta watu na ng'ombe wao wakimngoja kwenye ukungu. Siku zote alivaa tai. Juu ya tai alivaa koti la kaki, na miguuni gambuti alizoziosha kila alipotoka kwenye krashi moja kwenda nyingine, hata siku ambayo barabara yote ilikuwa matope na hakuna ambaye angemlaumu.

Alitoka upande wa pili wa mlima, na Kikuyu chake kilitufanya tucheke, kwa hiyo aliamua kuzungumza nasi Kiswahili. Kiswahili chake nacho kilikuwa kama chetu, cha kupanda mlima kwa shida, lakini angalau hapo tulikuwa sawa.

"Hii ng'ombe imepata joto lini?" alikuwa akiuliza.

"Jana, daktari."

"Jana saa ngapi? Ama uliiona ukimaliza kunywa chai?"

Hakuwa na subira na mtu aliyechelewa kuona kwamba ng'ombe wake anataka dume. Alikuwa na msemo, "Joto ya ng'ombe haina Jumapili," na aliuishi msemo huo. Kanisani alikaa kwenye benchi la mwisho karibu na mlango, na ikiwa kuna mtu amekuja kumwita, alipiga ishara ya msalaba akatoka katikati ya mahubiri. Padri mmoja alimkanya. Akamjibu kwa upole kwamba Mungu atakuwepo mchana, lakini ng'ombe wa yule mama itakuwa amekwisha poa. Baada ya hapo padri alimwacha, na nilisikia kwamba naye alikuwa na ng'ombe wawili nyuma ya nyumba ya mapadri.

Mtu huyu aliyeweza kutia mkono wake ndani ya ng'ombe yeyote mpaka begani, hata wale wakali waliovunja miti ya krashi, aliogopa mbwa. Simaanishi mbwa wakubwa. Kwetu palikuwa na kijibwa cha manjano ambacho hata kuku walikidharau, na Daktari wa Ng'ombe hakushuka garini mpaka mama akifunge kwa kamba. Alikaa humo na tai yake, kioo kimepandishwa, akitazama mbele kama mtu anayewaza mambo ya nchi.

Maziwa pia hakunywa. Ukimkaribisha chai, alitaka strungi, chai kavu isiyo na tone la maziwa, na wamama walioamka mapema kumwekea maziwa yenye malai walivunjika moyo. Wala hakufuga. Baba alimwuliza siku moja kwa nini mtu mwenye mbegu za dunia nzima hana hata mtamba mmoja.

"Nikifuga," alisema, "ng'ombe yangu ikizaa ndama mzuri, mtasema nilijiwekea ile mbegu nzuri nikawapea ile mbaya. Wacha ninywe strungi."

Sisi watoto tulifukuzwa alipoanza kazi. Ghafla maji yalikuwa yamekwisha nyumbani, kuni zilikuwa hazitoshi. Tulikwenda nusu ya njia, tukarudi, tukapanda miti ya ua kuchungulia. Aliendelea na kazi yake bila kugeuka, mkono mmoja umepotelea kule ulikopotelea, na baadaye alisema kwa sauti ya kawaida, "Hii miti yenu iko na macho."

Jambo tuliloruhusiwa kusikia ni majina, bila kuelezwa ni ya nani. Mbegu zilikuja katika mirija myembamba, na kila mrija uliandikwa jina la dume lake. Watu wengine wa kazi hiyo, niliambiwa, walitia tu na kwenda zao. Yeye aliwatambulisha madume kama mtu anayeleta wageni. Alisimama kando ya krashi akawaambia wenye ng'ombe, "Leo niko na Admirali, miguu imara. Niko na Baroni, huyu ni mpole, watoto yake hawarushi teke. Na niko na Floriani." Kisha alinyamaza kidogo, akisubiri. Hata baba yangu, mtu asiyependa kuonekana amefurahi, alitabasamu aliposikia Floriani.

Na mimi ndiye Floriani. Sasa umeshaelewa ninachokwenda kusimulia, na umenishinda, kwa sababu mimi, niliyesikia jina hilo krashini nikadhani ananitaja mimi kwa baba, nilichukua karibu miaka ishirini.

Kwetu mtoto wa kiume wa kwanza huitwa jina la babu yake mzaa baba, na hapo hakuna mjadala. Nafasi pekee ya mzazi kujaribu ubunifu ni jina la ubatizo, na wengi hawakujisumbua. Walichukua Yohana, Petro, Josefu, wakaenda kupanda viazi. Katika shule yetu ya msingi ukiita Joni, nusu ya darasa iligeuka. Ukiita Floriani, niligeuka mimi peke yangu, polepole, kama chifu.

Nililipenda jina hilo kupita kiasi. Liliponitoka kinywani lilikuwa na muziki. Katika vinywa vya wengine liligeuka Froriani, na kwa bibi yangu likawa Furoria, lakini nilisamehe, nikijua watu wa kawaida wana mipaka yao. Kwenye madaftari sikuandika jina la ukoo. Kulikuwa na haja gani? Nilipokwenda shule ya bweni mjini Nyeri niliogopa kwamba huko, kati ya wavulana wa kutoka kila mahali, nitamkuta mwingine. Sikumkuta. Nililala usingizi mzuri usiku wa kwanza wakati wenzangu wakilia kwa kukumbuka nyumbani.

Nilikuwa nimemwuliza mama mapema jina lilitoka wapi. Mama alikuwa akimenya viazi. Alisita, akasema, "Ni jina ya mkubwa mmoja wa ng'ambo. Alisaidia sana watu wa hapa."

"Alikuwa mzungu?"

"Alikuwa mweupe na mweusi," alisema mama.

Nilielewa kwamba ni chotara. Nikauliza kama alikuwa na familia.

"Alikuwa na watoto wengi sana," alisema mama, na baba, aliyekuwa akisoma gazeti la zamani kando ya moto, alikohoa, akainuka, akatoka nje.

Kwa habari hizo chache niliandika insha katika kidato cha pili, tulipoambiwa tuandike kuhusu mtu tunayemheshimu. Niliandika juu ya Bwana Floriani, mmisionari aliyevuka bahari, akaja kwenye baridi ya Endarasha, akawakusanya yatima na kuwalea kama wanawe mwenyewe, mamia kwa mamia, bila kuchoka. Niliandika kwamba mpaka leo wazee wakitaja jina lake hutabasamu. Mwalimu aliisoma mbele ya darasa. Wavulana wawili walifuta machozi. Ukweli ni kwamba kila neno lilikuwa sahihi isipokuwa mmisionari, yatima na bahari, kwa maana alikuja kwa ndege, akiwa amegandishwa.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, niliporudi likizo, mambo yalikuwa yamebadilika. Nilikuwa napita karibu na shule ya chekechea nikasikia mwalimu akiita, "Floriani." Niligeuka kwa mwendo wangu ule. Mtoto mdogo mwenye kamasi alisimama. Kisha akasimama wa pili. Mwalimu akasema, "Si wewe, yule mwingine," na wa tatu akainuka nyuma kabisa.

Jioni hiyo nilisikiliza kwa makini wamama wakiita watoto waingie ndani. Froriani kule bondeni. Froriani kwa jirani. Nilihuzunika kwa muda wa kutembea kutoka kisimani mpaka nyumbani, kwa sababu sikuwa peke yangu tena. Lakini nilipofika mlangoni nilikuwa nimeshapata maelezo yaliyonifaa. Mimi ndiye niliyekwenda shule kubwa mjini. Mimi ndiye niliyezungumza Kiingereza na karani wa posta. Watu walikuwa wakiwapa wana wao jina langu.

Tangu hapo nikawa mtu wa kusikitisha zaidi. Nilianza kununua peremende na kuwagawia akina Floriani wadogo peke yao, huku akina Joni wakitazama. Nilichunguza alama zao. Mmoja aliyekuwa mvivu nilimketisha chini ya mti, nikamwambia kwamba jina alilobeba ni zito. Alikuwa na miaka mitano. Alinitazama, akaniuliza kama peremende zimekwisha.

Daktari wa Ng'ombe alinikuta kwenye shughuli hiyo siku moja. Alisimamisha kigari, akateremsha kioo baada ya kuhakikisha hakuna mbwa.

"Unafanya nini na hawa watoto?"

"Nawatia moyo, daktari. Ni wajina wangu."

Alinitazama kwa muda mrefu. Nilidhani ananistaajabia. "Sawa," alisema, akapandisha kioo, akaondoka taratibu sana.

Nilipopata nafasi ya chuo kikuu, watu wa kwetu waliniandalia sherehe kwenye uwanja wa kanisa. Kulikuwa na mukimo wa viazi vilivyopondwa, mbuzi, na hotuba nyingi. Mwisho nikapewa nafasi ya kushukuru. Nilikuwa nimeandaa maneno yangu kwa wiki nzima mbele ya ng'ombe, na ng'ombe walisikiliza vizuri.

Niliwashukuru wazazi. Nikamshukuru padri. Kisha nikashusha sauti, nikasema kwamba kuna shukrani moja iliyo moyoni zaidi. "Nimeona," nilisema, "jinsi mlivyowapa watoto wenu jina langu. Sikuwahi kuwaomba. Mliona kitu ndani yangu kabla mimi mwenyewe sijakiona. Naahidi sitawaaibisha."

Niliinua kichwa kupokea makofi. Kisha nikaona mabega ya mwanamke mmoja yakitikisika, nikajua analia kwa uchungu wa mapenzi. Wa pili akainamia magoti yake. Mama alikuwa amejifunika uso kwa leso. Ndipo kikongwe mmoja jirani yetu, ambaye hakusikia vizuri na kwa hiyo aliongea kwa nguvu, akageukia waliomzunguka akauliza, "Kwani hamkumwambia ni ndume?"

Sijasikia tena watu wakicheka vile. Wanaume waliangushana kwenye mabenchi. Msimamizi wa sherehe alijaribu kusema neno, akashindwa, akakaa chini na kipaza sauti mkononi, nacho kikaendelea kutangaza kicheko chake uwanja mzima. Padri alikuwa amegeuka akitazama mlima. Mimi nilibaki nimesimama na karatasi yangu. Vipande viliungana kimoja kimoja kichwani, mweupe na mweusi, watoto wengi, kikohozi cha baba, na kila kimoja kiliponifikia nilihisi masikio yangu yakizidi kupata moto. Nilifikiria kwenda mahali ambapo hakuna aliyewahi kufuga. Nilifikiria kulibadilisha jina kabla ya kufika chuoni. Nilimtazama baba. Alikuwa anaangalia viatu vyake, na usoni mwake niliona aibu ambayo haikuwa yake, ilikuwa yangu, ameibeba.

Daktari wa Ng'ombe ndiye aliyeinuka. Alikuwa nyuma kabisa, karibu na lango, mahali pake pa kawaida. Kuzungumza mbele ya watu ni kitu alichokiogopa karibu kama mbwa, na nilikuwa sijawahi kumwona akisimama mkutanoni. Alirekebisha tai. Watu walipomwona walipunguza kicheko, kwa sababu hakuna nyumba pale ambayo hakuwahi kuingia.

"Mimi ndiye nilileta hiyo jina hapa," alisema. "Ni kweli ilikuja na ndume. Lakini niwaulize. Nimewaletea Admirali. Nimewaletea Baroni. Nimewaletea wengi, na walikuwa na majina mazuri, na ng'ombe zenu zilizaa. Nani yuko na mtoto anaitwa Baroni hapa?"

Alitazama benchi hadi benchi.

"Hakuna. Floriani ya kwanza kubatizwa ni huyu. Mlimwangalia akikua. Mliona hagongi mtu, haibi viazi, anaenda shule. Mngeona Floriani ya kwanza ni mlevi, mngeita watoto wenu hivyo? Kijana anasema ukweli. Muacheni amalize."

Akakaa. Mtu mmoja akaanza kupiga makofi, wengine wakafuata, na wamama wakapiga vigelegele vya kutosha kunifanya nikunje karatasi yangu na kuteremka jukwaani. Baba aliinua kichwa. Kwangu mimi hilo lilitosha.

Baadaye nilimfuata kwenye kigari chake kumshukuru. Alikuwa anafuta vumbi kwenye gambuti.

"Daktari, asante. Sikujua kwamba walinitazama hivyo."

Alinyoosha mgongo. Alikuwa mtu wa kanisa, na kumbe maneno yale yalikuwa yakimwasha tangu alipoyasema.

"Nilisema vile kwa sababu ya wazazi yako," alisema. "Siwezi kwenda nyumbani na uongo. Ilikuwa ni maziwa, kijana. Watoto wa Floriani walitoa maziwa, hii kilima yote ikasomesha watoto. Watu wakashukuru."

"Hakuna hata mmoja aliyeitwa kwa ajili yangu?"

Alifikiri kwa uaminifu. "Hapana," alisema. "Lakini baba yako, mwaka ule ulizaliwa, ng'ombe yake Njeru ilikuwa imezaa ndume mara nyingi, hana mtamba. Nikamwekea Floriani. Ikazaa mtamba. Wiki hiyo hiyo mama yako akajifungua wewe. Nilikuja kuangalia ndama, baba yako akanishika mkono, akaniambia, daktari, sijawahi kupata furaha mbili kwa mara moja. Hakujua aite furaha gani jina gani. Akaita zote Floriani. Ile ya ng'ombe ikabadilishwa kwa sababu ni ya kike."

Nilikwenda chuoni na jina langu. Nikiulizwa limetoka wapi, nilisema ni la mtakatifu, kwa sababu yuko mtakatifu wa jina hilo. Sikuwa shujaa kiasi cha kutaja maziwa.

Miaka iliyofuata, huduma ile ya serikali ilififia. Kigari cha kijivu kilianza kuja siku moja kwa wiki, halafu siku ambayo watu walishindwa kuitabiri, halafu hakikuja. Wafanyakazi waliambiwa wastaafu kabla ya wakati wao. Watu wa Endarasha wakarudi kwa madume wa majirani, ambao hawakuwa na majina na hawakutambulishwa na mtu yeyote, na krashi ile ikaliwa na mchwa. Majina nayo yakageuka. Nilipokuwa mwalimu mjini Nyeri, watoto wote wachanga walikuwa Brayani na Kelvini. Kwenye chekechea ya kwetu hapakuwa tena na Floriani hata mmoja. Nilikuwa nimerudi kuwa adimu, kama nilivyotaka siku zote, na niligundua kwamba sikufurahi.

Mwishoni mwa miaka hiyo, mke wangu na mimi tulikuwa tunatoka kliniki na mtoto wetu wa kwanza, mvulana, bado hajabatizwa. Mke wangu ni wa Kangema, watu wa majani chai, na mama alikuwa amemsimulia habari ya ndume kabla hata sijamwoa. Alicheka kuanzia Endarasha mpaka kwao. Siku hiyo tulikuwa tunabishana kuhusu jina. Mimi nilitaka Petro, jina lisilo na historia. Tulipofika Gatitu niliona kwenye lango moja mzee aliyevaa tai, ameshika kamba, na mwisho wa kamba kulikuwa na ng'ombe akila majani ya kando ya barabara.

Nikamsogelea, nikamwamkia. Alinitazama bila kunitambua.

"Mimi ni Floriani, daktari. Wa Endarasha."

Macho yake yalifunguka. "Wewe ni ya kwa Njeru," alisema. "Ile ng'ombe ilikuwa na kovu kwa nyonga ya kushoto."

Nikakiri kwamba mimi ni wa kwa Njeru. Alimsalimia mke wangu, akamwangalia mtoto, akauliza amekula lini. Nikamwuliza juu ya ng'ombe. Alisema ni wake, wa kwanza, sasa hakuna wa kumsema. Alikuwa ameanza hata kutia maziwa kwenye chai, kidogo tu. Kisha akauliza kama kule juu bado kuna akina Floriani wadogo.

"Hakuna, daktari. Wamekwisha."

Alivuta kamba kidogo. "Nilimwona, unajua," alisema. "Walitupeleka mafunzo huko ng'ambo, tukaonyeshwa madume. Nikauliza Floriani ni gani. Wakanionyesha." Alitikisa kichwa. "Alikuwa mdogo. Jicho moja haioni. Na mkali, bila sababu, anagonga ukuta siku nzima. Nilisikitika sana. Nilirudi, sikuambia mtu."

Mke wangu alikuwa amegeuza uso upande wa mtaro, lakini nilijua anachofanya.

"Basi jina lote lile lilikuwa bure," nilisema.

"Bure aje?" Alionekana kushangaa kweli. "Watoto yake walimpita. Wote. Sasa baba anatakiwa afanye nini ingine?"

Lori lilipita, ng'ombe akainua kichwa, akarudi kwenye majani. Mke wangu alimpandisha mtoto begani, akasema, "Daktari, huyu tunamwita Floriani. Nimeamua sasa hivi. Mwombee tu ampite baba yake."

Mzee alinitazama kutoka viatuni mpaka kichwani, polepole, kwa macho yale yale aliyowatazamia ng'ombe kwenye krashi, akijua kazi yake.

"Huyu?" alisema. "Atampita kabla hajaota meno."